Muuguzi na Mgonjwa wa Upasuaji: Kabla ya Kisu na Baada ya Kisu

Leo tutazungumza kuhusu kazi ya muuguzi kwa mgonjwa anayepasuliwa, na jinsi wewe mgonjwa, au wewe jamaa ya mgonjwa, unavyoweza kuifanya kazi hiyo iwe nyepesi au iwe ngumu.

Mtu akiambiwa kwamba atapasuliwa, swali la kwanza nyumbani huwa ni moja: daktari ni nani? Watu huulizana kama mkono wake ni mzuri na kama amewapasua wangapi wakapona. Ni swali la haki. Lakini ni nadra kumsikia mtu akiuliza: usiku ule wa kwanza baada ya kupasuliwa, ni nani atakayekuwa wodini? Mimi naona swali hili la pili ni zito kuliko la kwanza, na sababu nitakupa.

Mwaka 2018 jarida la utabibu liitwalo The Lancet lilichapisha uchunguzi uliofanywa katika hospitali 247 za nchi 25 za Afrika. Wagonjwa zaidi ya 11,000 waliopasuliwa walifuatiliwa. Ilionekana kwamba wagonjwa wa Afrika, ingawa wengi wao ni vijana na hawana maradhi mengine mengi, hufa baada ya upasuaji mara mbili ya wastani wa dunia. Waliokufa walikuwa 239. Katika hao, 225 hawakufia juu ya meza ya upasuaji, wala hawakufa siku ile waliyopasuliwa. Walikufa katika siku zilizofuata.

Sasa jiulize, siku hizo zilizofuata mgonjwa yuko wapi? Yuko wodini. Daktari aliyempasua yuko thieta na mgonjwa mwingine. Aliye karibu na kitanda ni muuguzi, nawe jamaa yake.

Lakini tuanze mwanzo, maana hatari nyingi za usiku ule hupandwa kabla ya upasuaji.

Tuseme wewe ni mwanamume una busha. Huku kwetu Pwani busha ni ugonjwa unaojulikana sana, kwa kuwa vijidudu vya matende, vinavyoenezwa na mbu, husababisha busha pia. Wanaume huuficha kwa haya, kikoi juu ya kikoi, miaka nenda miaka rudi, na kumbe tiba yake ipo nayo ni upasuaji. Basi umejipa moyo, umevuka Daraja la Nyali, umefika Hospitali Kuu ya Pwani ambayo wengi tunaijua kwa jina la Makadara, au umekwenda hospitali nyingine yoyote. Umelazwa. Anakuja muuguzi na faili na kalamu.

Atakuuliza maswali mengi. Una presha? Kisukari? Pumu? Kifafa? Umewahi kupasuliwa, na je, dawa ya usingizi ilikudhuru? Kuna dawa yoyote ukiinywa unatokwa na upele au unafura uso? Maswali haya watu huyajibu bila shida. Shida huja kwa yale yanayofuata: unavuta sigara? Unakunywa pombe? Unatafuna muguka? Unatumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi? Umekunywa dawa za miti shamba wiki hii? Hapo mgonjwa humtazama mkewe aliyekaa pembeni, kisha husema, "La, sista, mimi hayo sina."

Ndugu yangu, muuguzi hachunguzi dhambi zako. Anatafuta kitu kitakachogongana na nusu kaputi. Muguka huyapeleka mbio mapigo ya moyo na kupandisha presha. Sigara huyajaza mapafu makohozi, na ukiamka utakohoa huku una mshono. Baadhi ya dawa za miti shamba huizuia damu isigande upesi, na hata asprini ya dukani hufanya hivyo. Ikiwa kuna jambo hutaki jamaa zako walisikie, mwambie muuguzi, "Sista, nina neno, naomba tuwe wawili." Atawatoa nje kwa adabu. Ombi hilo kwetu ni la kila siku.

Na ukiulizwa jina lako, litaje mwenyewe kikamilifu. Usiitike tu "naam" kwa jina ulilolisikia kwa mbali. Majina yetu Pwani yanafanana mno, na wodi moja inaweza kuwa na watu wawili wenye jina moja na la baba moja. Ndiyo maana unafungwa kitambulisho mkononi, na ndiyo maana utaulizwa jina lilelile mara tatu au nne kabla ya kuingia thieta. Usiudhike. Anayeuliza tena hakukusahau.

Kisha utaambiwa usile. Hapa ndipo mabibi na mashangazi wanapotugombeza. Watasema mtu atapasuliwaje na tumbo tupu, atapata wapi nguvu? Sababu ni hii: ukiingia katika nusu kaputi, misuli yote hulegea, hata ile inayofunga mlango wa tumbo. Chakula kilichomo kinaweza kupanda kooni, na kwa kuwa huwezi kukohoa, kikateremkia mapafuni. Hilo huua. Kanuni inayofuatwa katika nchi nyingi ni kwamba chakula kikome saa 6 kabla ya dawa ya usingizi, maziwa ya mama kwa mtoto mchanga yakome saa 4, na maji matupu yakome saa 2. Hospitali nyingi husema tu usile wala usinywe kuanzia saa sita ya usiku, kwa sababu orodha ya thieta hubadilika na unaweza kuitwa mapema. Wewe fuata ulivyoambiwa pale ulipolazwa, na ukiona muda umekuwa mrefu mno, hasa kwa mtoto, muulize muuguzi.

Fahamu pia kwamba chai ya maziwa inahesabiwa kuwa chakula. Mahamri mawili ya alfajiri na mbaazi zake yanahesabiwa kuwa chakula. Biskuti moja aliyopewa mtoto na nyanyake kwa huruma ni chakula. Na ikiwa imeshapita kinywani, sema. Utaahirishiwa upasuaji, utanuna, jamaa watalalamika nauli, lakini utakuwa hai wa kununa. Mwenye kisukari asijiamulie mwenyewe kunywa au kuacha dawa siku hiyo. Aulize, kwa sababu kufunga na dawa ya sukari havipatani.

Jambo jingine la kabla ni usafi. Oga kwa sabuni usiku wa kuamkia upasuaji au asubuhi yake. Lakini usijinyoe nyumbani kwa wembe. Najua wanaume wengi, na wanawake vilevile, hunyoa ili wasione aibu mbele ya daktari, na nia ni nzuri. Tatizo ni kwamba wembe huacha mikwaruzo midogo isiyoonekana na vijidudu hupata mlango. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2016 kwamba nywele zisinyolewe kwa wembe kabisa, na ikiwa ni lazima ziondolewe, zikatwe kwa mashine. Hiyo iache kwa watu wa hospitali.

Akina mama, hina na rangi ya kucha. Muuguzi na daktari wa usingizi huzitazama kucha zako wajue kama hewa inakufikia, na kidoleni utabanwa kidude cha kupimia hewa katika damu. Rangi ya kucha na piko nyeusi huweza kukipotosha. Kwa hivyo ikiwa unajua tarehe yako ya kupasuliwa, kucha ziache wazi hata kama kuna harusi Jumamosi. Bangili, pete na kipini vivuliwe nyumbani na viachwe nyumbani. Meno ya bandia yatolewe. Mwenye hirizi amwambie muuguzi. Hakuna atakayeikata kwa dharau, mtaelewana ishikwe na nani.

Kabla hujatia sahihi fomu ya kukubali upasuaji, fahamu unachokitilia sahihi. Kazi ya kukueleza upasuaji wenyewe ni ya daktari. Kazi ya muuguzi ni kuhakikisha umeelewa, na kukurudisha kwa daktari kama hukuelewa. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inataka mgonjwa aelezwe hali yake kwa lugha anayoifahamu kila inapowezekana. Ukielezwa kwa Kiingereza nawe ukaitikia tu kwa kichwa, umejidhulumu. Sema, "Daktari, nieleze kwa Kiswahili," au kwa Kigiriama, na muuguzi atatafuta wa kukufasiria.

Mlangoni mwa thieta utaulizwa tena: jina lako, unapasuliwa nini, upande gani. Ipo orodha ya maswali iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008, na kabla ya kuenea ilijaribiwa katika hospitali nane duniani. Mojawapo ilikuwa ya jirani zetu Tanzania, mjini Ifakara. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Vifo vilishuka kutoka 1.5 hadi 0.8 kwa kila wagonjwa 100, na madhara mengine yakashuka kutoka 11 hadi 7. Hakikununuliwa chombo kipya cha mamilioni. Ni watu kusimama kidogo na kuulizana kwa sauti. Aghalabu anayeisoma orodha hiyo ni muuguzi, naye muuguzi huyohuyo ndiye anayehesabu gozi na vyombo kabla mshono haujafungwa, kisichosahauliwa kitu tumboni.

Haya, umetoka thieta. Jamaa wanashukuru Mungu, simu zinapigwa, "amepasuliwa salama." Nami nasema, ngojeni kidogo.

Saa za kwanza muuguzi atakuja kitandani kila dakika 15, kisha kila nusu saa, kisha kila saa, hali inavyotulia. Atapima presha, mapigo, pumzi na joto. Atainua shuka aangalie bendeji. Wengine huona usumbufu: "Si umuache alale?" La. Mtu anayevuja damu ndani ya tumbo halii. Husinzia. Mapigo yake huanza kwenda mbio, mikono ikawa baridi yenye jasho, mkojo ukapungua, na presha huanguka baadaye sana. Anayetazama presha mara moja tu hataona kitu. Anayetazama kila dakika 15 ataona mapigo 88, kisha 102, kisha 120, naye atamwita daktari mtu akiwa bado anaweza kuokolewa.

Kwa mama aliyezaa kwa upasuaji jambo hili ni zito zaidi, na katika uchunguzi ule wa 2018 mmoja kati ya kila watatu waliopasuliwa alikuwa mama wa aina hiyo. Muuguzi atafunua leso, atazame pedi, akandamize tumbo la uzazi aone kama limekaza. Mama, usione haya ukaficha damu chini ya leso usije ukamsumbua sista. Pedi ikilowa nzima kabla ya saa moja kwisha, mwite. Ikiwa huna sauti, mwambie wa kitanda cha pili aite.

Sasa lazima niseme kweli. Usiku muuguzi mmoja huwa na vitanda vingi, na hizo dakika 15 huenda zikawa 40. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya jaribio kubwa, katika hospitali zaidi ya 300 za Afrika, la kuwaangalia kwa karibu zaidi wagonjwa walio katika hatari: wapimwe mara nyingi zaidi, kitanda kiwekwe panapoonekana na wauguzi, jamaa aruhusiwe kukaa naye. Vifo havikupungua. Wako waliosema basi kuangalia hakuna faida. Mimi silisomi hivyo. Ukimwambia muuguzi aliyeelemewa apime mara mbili zaidi, nawe hukumwongezea mwenzake wa pili, hukuongeza macho. Umeongeza agizo. Na jamaa aliyeruhusiwa kukaa, kama hajui atazame nini, atakaa tu.

Kwa hivyo wewe unayekaa, jifunze utazame nini. Anapumua kwa taabu au pole mno kuliko kawaida. Ameanza kusema maneno yasiyoeleweka, au haamki ukimwita. Bendeji imelowa na doa linapanuka. Mikono ni baridi na ana jasho. Anatapika bila kukoma, au tumbo linafura. Ukiona moja katika hayo, nenda kwa muuguzi useme ulichokiona. Usiseme, "Sista, baba hana raha." Wodi nzima haina raha. Sema, "Sista, naomba uje umtazame baba wa kitanda cha nane, bendeji ilikuwa na doa dogo saa mbili, sasa imelowa yote." Atakuja mbio.

Na yale ya kutofanya: usiguse kifungo cha dripu ili maji yaishe upesi. Usimnyweshe maji wala dafu kabla muuguzi hajaruhusu, hata akikulilia kiu. Lowesha kitambaa umpanguse midomo. Siku hizi wengi huruhusiwa kunywa na kula mapema kuliko zamani, hasa mama aliyezaa, lakini aulizwe muuguzi kwanza. Usikae juu ya kitanda, na usifunue kidonda kuwaonyesha wageni.

Maumivu. Wanaume wetu wamefunzwa kwamba mwanamume halii, na hulala wameuma meno. Mgonjwa mwenye maumivu makali hapumui vizuri, hakohoi, hageuki, na makohozi yakituama mapafuni huleta nimonia. Omba dawa kabla maumivu hayajapanda. Ukitaka kukohoa, ukunje mto au leso nene, uikandamize juu ya mshono, kisha ukohoe. Na muuguzi akikwambia uinuke ukae, au utembee hatua tano siku ya pili, hakufanyi ukatili. Damu iliyolala miguuni huganda, na donge lake likipanda mapafuni linaweza kukuua ghafla. Vilevile usione haya kuomba chupa ya mkojo. Aliyechomwa sindano ya mgongo huweza kukaa saa nyingi kibofu kimejaa asijue. Zikipita saa 6 hujakojoa, sema.

Hapa Bombolulu tuna jamaa wengi wanaotembelea magongo na viti vya magurudumu. Warsha ya walemavu iliyoanzishwa mwaka 1969 imewaleta na kuwapa kazi, na mtaa umewazoea. Wodi huenda haijazoea. Ikiwa ndiwe mgonjwa, mweleze muuguzi mapema jinsi unavyojiinua, mguu upi hauna hisia, unajisaidiaje haja. Kiti au magongo yako yakae karibu na kitanda, yasifungiwe stoo. Asiyehisi mgongo au makalio anaweza kupata kidonda cha kulala kwa siku chache tu, kwa hivyo ageuzwe kila saa 2, usiku na mchana, na hili jamaa anaweza kusaidia akionyeshwa mara moja.

Siku ya kuruhusiwa, usikimbilie tuk-tuk kabla hujauliza: dawa hizi ni za siku ngapi, bendeji ibadilishwe lini na wapi, nyuzi zitolewe lini, na nikipata shida usiku niende wapi? Aandikiwe asiyeweza kukumbuka. Pikipiki usiipande, mashimo ya barabara zetu na mshono mbichi havipatani.

Nyumbani, kidonda kiwe kikavu. Joto letu la Mombasa hutoa jasho hata mtu amekaa, kwa hivyo vaa nguo nyepesi, na anayekigusa anawe mikono kwa sabuni kwanza. Maji ya kisima ya mtungi usiyamwagie kidonda. Usipasue kapsuli ukanyunyiza unga wake, na usitie majani, asali ya dukani wala mafuta ya nazi. Mshono unaweza kuingia vijidudu hata wiki ya tatu au ya nne, wakati wewe umeshajisahau. Kwa ngozi zetu nyeusi usingoje kuona wekundu. Gusa pembeni mwa kidonda: kuna joto? Panauma zaidi ya jana? Pamefura, panatoa usaha au harufu? Una homa? Mguu mmoja umefura na kuuma? Lolote kati ya hayo, rudi hospitali siku hiyohiyo. Usingoje Jumatatu.

Nawe uliyetolewa busha, uvimbe utabaki kwa wiki kadhaa. Hilo lisikutishe, vaa chupi ya kubana ikutegemeze, usibebe magunia wala kusukuma mkokoteni mpaka uruhusiwe. Lakini uvimbe unaokua upesi siku ile au kesho yake huenda ni damu inayokusanyika, na huo unarudi nao hospitali usiku huohuo.

Kwa leo ni hayo, msikilizaji. Kwaheri.